Muwasho wa Mkandaji

Mkandaji wetu wa mtaa wa Chemchem, hapa Tabora, hakuwa na desturi ya kumuuliza mtu anaumwa wapi. Ukiingia kwake ukaanza kujieleza, mara kiuno, mara goti, alikuwa anakukatisha kwa kukuonyesha mkeka. Lala kwanza, hadithi utaimalizia hukohuko chini. Halafu anakupitishia viganja kuanzia shingoni kushuka, polepole, bila mafuta, na akifika mahali penyewe anasimama hapo na kuguna kidogo. Nilifanya kazi pembeni yake miaka kumi na mmoja na sikuwahi kumwona akipakosa. Yapo mengine nitakayoyasema hapa ambayo si ya kumsifu, wala si ya kunisifu mimi, kwa hiyo hili naliweka mbele.

Watu walimwita Bibi. Mimi nilimwita Mama, ingawa hakunizaa, na siku ya kwanza nilimwona mama mkali asiye na adabu. Nilikuwa nimetoka mtaa wa Cheyo kwa miguu, nimeachika, sina kazi, na bega langu la kulia limekataa kuinuka. Alilikanda bega hadi nikalia, kisha akanishika vidole akavitazama kama mtu anayechagua bamia sokoni. Akasema vidole virefu, kesho njoo mapema. Hakuuliza kama nataka. Mimi ni mtu wa hasira na siamrishwi ovyo, hata aliyekuwa mume wangu anajua, lakini kesho yake nilikwenda, na kesho kutwa.

Sasa mikono yake. Kwa mbali ungedhani amevaa glavu za rangi nyingine. Kuanzia kwenye vifundo vya mikono kuja mbele ngozi ilikuwa nyeusi zaidi, nene, imepasukapasuka kama jaruba la mpunga lililokauka. Katikati ya vidole kulikuwa na malengelenge madogo yasiyokwisha, yanatoa maji, yanakauka, yanatoka mengine. Joto la Septemba na Oktoba likishika mji, mikono ilimwasha hadi alikuwa hawezi kukaa. Alikuwa na gunzi la mahindi kwa ajili ya kujikunia, limeegemezwa ukutani karibu na mkeka, na alilitumia bila haya, anaongea nawe huku anajikuna, mpaka unasikia wewe mwenyewe unaanza kuwashwa mgongoni. Nilimwambia mara nyingi aende hospitali. Alinijibu kwamba mikono yake haiumwi, inafanya kazi.

Ndivyo alivyoamini. Kwake maumivu hayafi, yanahama. Ukimkanda mtu na akainuka mwepesi, yale aliyokuja nayo yamekwenda wapi? Yamekuja kwako, kwenye mikono, na mkandaji wa kweli anayajua kwa muwasho. Alikuwa akisema mji huu umejengwa na mabega. Wapagazi walifika hapa na pembe za ndovu kutoka huko bara ndani, wakatua mizigo, mizigo ikachukuliwa na wenyewe, lakini uzito ulibaki begani na lazima mtu auondoe. Habari zenyewe za misafara hazikumshughulisha. Alizitaja tu pale mteja mwenye majivuno alipomwona ni mama wa kupakapaka mafuta.

Na wateja waliamini pamoja naye. Mtu akimaliza kukandwa, kabla hajavaa shati, alikuwa anageuka na kumuuliza, imekuwasha, Bibi? Yeye akisema imeniwasha, mtu anashukuru na kuondoka ameinua kichwa. Akisema bado, mtu analala tena. Palikuwa na dereva mmoja wa lori la njia ya Kigoma ambaye hakutoka mlangoni mpaka amwone akijikuna kwa macho yake. Hata wazee waliotoka vijijini, wanaoingia na salamu yao ya mwangaluka na fimbo zao, waliuliza hivyohivyo. Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe sikuona cha kuchekesha, kwa sababu mgongo wa mtu aliyeambiwa imeniwasha ulikuwa unalegea palepale, niliushika nikauona.

Mafuta aliyotumia aliyapika mwenyewe. Nta aliletewa na warina asali wa upande wa Ulyankulu, na hakutaka ile ya njano iliyosafishwa ambayo wafanyabiashara wanaigombania. Alitaka nyeusi, chafu, yenye gundi nyingi ya nyuki, ile nata ya kahawia wanayozibia matundu ya mzinga. Akiletewa yenye gundi kidogo aliinusa akairudisha. Aliiyeyusha taratibu na mafuta ya karanga, ikatoka harufu nzuri ya msituni, na mlango ameufunga ili mtu asijifunze. Miaka mitatu nilikaa nje ya mlango ule. Siku moja akanifokea kutoka ndani kwamba nimesimama huko kama mgeni kwa nini, niingie nikoroge, na akifa nisije kusema alininyima.

Hapa Tabora ukimwambia mtu kitu cha nyuki kinadhuru atakuona umetumwa. Kidonda, asali. Kikohozi, asali. Mtoto mchanga asiyelala, mzee asiye na nguvu, tumbo, koo, yote asali. Nani angemshuku nyuki? Kwa hiyo jioni mikono ilipowaka, Mama alichota yale mafuta yake mwenyewe, kwa wingi, akajipaka mpaka kwenye viwiko, akaketi ameinyoosha mikono mbele yake ipoe. Nami nilimsaidia kupaka. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, na tulikuwa tukisema kila siku kuhusu majirani, huku bakuli liko mapajani.

Alikuwa mtu wa vioja. Kijana wa bodaboda aliletwa kwake mkono umepinda, Mama akakataa hata kumgusa, akawatukana waliomleta, mfupa uliovunjika ni wa hospitali na hapa si pa miujiza. Yeye mwenyewe hospitali alikuwa anaisikia kwa watu. Mganga hajigangi. Umbea hakuutaka kabisa, na hakuna habari ya Chemchem iliyonipita kwa sababu zote zilipita juu ya mkeka wake. Na karata! Alizichanga kwa vidole vile vilivyopasuka, anauma meno kwa maumivu, na alikuwa mwizi. Ukimkamata anaapa, ukimshinda hakusemeshi siku mbili. Nilimpenda sana siku zile ambazo hakunisemesha, maana alikuwa akinipikia wali kwa kununa.

Binti yake alikuwa mmoja tu, mwalimu wa shule ya msingi, mpole, hakufanana naye hata kucha. Alirudi nyumbani na saratani ya kizazi ikiwa imekwisha kwenda mgongoni. Hospitali walimpa dawa za kutuliza, zikawa hazitulizi. Akalazwa chumba cha nyuma, na Mama akaacha wateja wote kwangu, akawa anamkanda yeye tu, asubuhi, mchana, alasiri. Kiuno, mapaja, nyayo. Kwa mafuta yale. Kila alipoweza kumgusa bila kumtonesha, alimgusa.

Mikono ya Mama siku zile sijaona mfano wake. Ilivimba mpaka vidole havikunjiki, hawezi kushika kikombe, chai nikawa namnywesha mimi. Ilichuruzika maji yakalowanisha khanga. Na yeye alikuwa na furaha. Sijui niseme neno gani lingine. Alitoka chumbani akaniwekea mikono ile mbele ya macho yangu, akasema, angalia, mwanangu, leo nimemtolea mengi. Binti naye akiulizwa shida ya maumivu alisema imepungua, Mama. Kila siku imepungua.

Halafu Mama akitoka kwenda kunawa, binti alikuwa anachukua pindo la khanga analing'ata. Niliona mara ya kwanza nikadhani kiungulia. Mara ya pili alinishika mkono, akaniambia haipungui hata kidogo, na nisimwambie Mama, kwa sababu atafurahia nini tena. Katika maisha yangu yote ya kuropoka, hilo nililinyamazia.

Alipofariki, wanawake walikuja kutoa pole, matanga yakajaa hadi barabarani. Mama hakulia kwa sauti. Kila aliyemsogelea alimwonyesha mikono. Nusu ya maumivu yake ilikuja huku, alisema, nusu nilimbebea. Watu wakaishika mikono ile kwa heshima. Aliyasema hayo siku zile, akayasema arobaini, akaendelea kuyasema miaka minne, akijikuna, na nusu hiyo ndiyo iliyomwamsha asubuhi na kumrudisha kwenye mkeka. Mimi najua. Nilimwona asubuhi zote hizo.

Mwaka jana nikaanza kuwashwa mimi. Kwanza katikati ya vidole, vipele vidogo kama chembe za ulezi, kisha juu ya viganja. Mama alipoviona alinikumbatia. Akasema sasa umekuwa mkandaji, akaniambia nichague gunzi langu. Sikatai, nilijivuna. Nilirudi Cheyo siku hiyo nawaonyesha majirani mikono kana kwamba nimetiwa hina.

Majivuno hayakufika mwezi. Mimi si mvumilivu kama yeye. Na nikaona jambo. Wakati wa sikukuu tulifunga, sikumkanda mtu yeyote siku nne, nilipika mafuta tu ya kuanzia kazi, na usiku wake mikono iliwaka, kope zikavimba hadi macho yakafumba. Maumivu ya nani hayo? Yamenihamia kutoka wapi, kwenye sufuria? Nilikaa na swali hilo siku kadhaa, nikienda kazini kama kawaida na simwambii mtu. Mwishowe nikasikia kuna daktari wa ngozi amekuja hospitali kwa wiki moja, nikaenda.

Alikuwa dada mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Akaniuliza kazi yangu, akaniuliza nashika nini, akaniambia nimletee kila kitu. Nikampelekea sabuni ya mche, mafuta ya karanga, nta safi, na bonge la gundi ya nyuki. Alinipaka mgongoni, kila kimoja mahali pake, akafunika kwa plasta na kuniambia nisiulowanishe mgongo siku mbili. Alipobandua, alinipiga picha kwa simu anionyeshe. Mahali pote ngozi yangu ilikuwa safi, isipokuwa pa gundi. Pale palikuwa pameinuka, pekundu, vipele vimejaa.

Akanieleza vizuri, sina la kumlaumu. Huu si ugonjwa wa kuambukizwa, alisema. Mwili unaweza kukizoea kitu miaka na miaka halafu ukakikataa, na ukishakikataa umekikataa. Wakandaji wengi yanawapata, kwa sababu mikono yao haikauki, maji na sabuni na mafuta kutwa. Niache gundi na mikono itapona. Nikiigusa tena, hata baada ya miaka, muwasho utarudi. Nikamuuliza kama inawezekana mtu akawashwa kwa maumivu ya mwenzake. Akanitazama kwa huruma, akasema hapana, mama, hiyo hapana.

Nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja Chemchem. Hakuna aliyenituma. Ningeweza kupita sokoni, ningeweza kulala, ningeweza kutafuta njia ya kuyabadili mafuta kimyakimya. Lakini nilikuwa na hasira. Nilihesabu miaka aliyojikuna bure, na ile miezi niliyojikuna mimi, nikaona kama tumefanywa wajinga, na mjinga akijua anataka mwenzake ajue naye leo leo. Pia nilikuwa na furaha, nisijisingizie. Nilikuwa nampelekea dawa.

Nilimkuta peke yake anakunja khanga.

"Mama, ni gundi," nikamwambia. "Si maumivu ya watu. Ni gundi ya nyuki, mwili umeikataa."

Akaendelea kukunja. "Yako ni gundi. Yangu siyo."

"Mafuta ni yaleyale, Mama. Yaache wiki chache utaona mwenyewe."

Akamaliza khanga ile, akaiweka juu ya nyingine, akailainisha. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Na zile siku za mwanangu? Mikono ilivimba hata kikombe nikashindwa. Nayo ilikuwa gundi?"

Nilikuwa na majibu elfu ya kutoa. Ningesema sijui. Ningesema daktari hakusema habari hiyo. Nikasema, "Siku zile ulikuwa unayapaka mara nyingi zaidi."

Sentensi hiyo ni ya kweli na ningetoa chochote niirudishe. Hakunifokea. Alisema nimwache apumzike. Nilipofika mlangoni akaniita, akaniambia sawa, atayaacha. Atatumia mafuta ya alizeti matupu. Na mikono isipopona nitakuja kumwomba radhi mbele ya watu. Nikaelewa hapo hapo kwamba anataka isipone, na kabla sijafika kwenye reli nami nilikuwa naomba isipone. Nilimwomba Mungu kabisa, kwa sauti, barabarani, amwachie mwanamke yule vidonda vyake.

Wiki ya kwanza mikono ilikuwa vilevile, naye alikuwa mchangamfu, ananionyesha kila nikiingia. Unaona? Unaona? Nikasema naona, Mama. Wiki ya pili maji yakakata. Akasema ni hali ya hewa. Ya tatu magamba yakaanza kubanduka, chini yake ngozi laini, na akaacha kunionyesha. Akaanza kuwatafuta watu wenye migongo mibaya kuliko yote, wapakiaji wa tumbaku, mafundi wa kubeba zege, akawakanda kwa nguvu zake zote hadi wanasema basi. Wakiinuka wanauliza imekuwasha, Bibi? Anasema imeniwasha. Siku moja niliingia nikamkuta na gunzi anajikuna kiganja kilichopona, anakuna na kukuna, damu inatoka. Nilimnyang'anya. Aliniacha nimnyang'anye, na hilo ndilo lililonitisha.

Baada ya hapo alifunga. Aliwaambia watu amechoka. Mimi nikafungua kachumba kangu Cheyo, nakanda kwa alizeti, mikono yangu mizima. Wateja wananiuliza imekuwasha, mama, nawaambia hapana, nawaeleza habari ya gundi, na wengine wakishavaa hawarudi. Nilikuwa nampelekea chakula Ijumaa, mara anafungua, mara anasema kupitia dirishani nimwekee hapo.

Mwezi uliopita alifungua. Nikamwamkia, shikamoo Mama, akaitika marahaba kwa sauti ndogo, akakaa kwenye kigoda. Jirani alikuwa akipita akatania kwamba Bibi siku hizi amekuwa mwali, mikono inang'aa. Kweli iling'aa. Ilikuwa mizuri, ngozi imefunga yote, kucha safi, sijawahi kumwona hivyo. Akaificha chini ya khanga mpaka jirani akapita. Amekonda. Akaniambia mabega yanambana, nimkande kidogo.

Nikasimama nyuma yake nikamkanda kwa mikono mikavu. Mabega yalikuwa magumu, sikujua nianzie wapi. Kisha akaniuliza, akiwa amenipa kisogo.

"Alikuwa akisema imepungua. Wewe ulikuwepo. Ilipungua?"

"Ilipungua, Mama," nikasema.

"Au aliumia peke yake yote?"

"Ilipungua. Nilikuwepo."

Nikaona nisipofanya kitu nitalia, na mimi kulia mbele yake sitaki. Nikazunguka mbele, nikachuchumaa, nikaanza kujikuna kiganja. Nikamwambia mabega yako haya, Mama, yana mambo mazito, tazama yalivyoniwasha. Nilijikuna kwa nguvu mpaka ngozi ikawa nyekundu. Sikuwa na mafuta yoyote ya kusingizia, hilo aliliona, na kwa muda mfupi nilidhani ameamini, kwa sababu aliinama akaivuta mikono yangu kwake. Akaigeuza juu, akaigeuza chini, akapitisha kidole gumba katikati ya kila vidole viwili, kwa utulivu, jinsi alivyokuwa akiupitia mgongo wa mtu. Kisha akaiweka mapajani mwangu.

"Usijikune bure, mwanangu," akasema. "Mimi nimeshapona."